Kamba za Viatu

Wiki ya thelathini na nane, na viatu vyangu
sijaviona tangu mwezi uliopita.
Najua vipo. Navisikia vikigonga ngazi,
ngazi sabini na mbili za mawe, zinazojizungusha
toka mtaani hadi mlango wetu wa juu kabisa,
na kila kituo nimekipa jina:
Pumzi. Kiuno. Astaghfirullah. Nyumbani.

Dundee imelowa tangu Jumatatu.
Si mvua ya kwetu, ya kuja na kishindo,
ikamaliza ugomvi wake ikaenda.
Hii inanong'ona siku nne mfululizo,
haisemi inachotaka.

Usiku nageuka kwa awamu
kama lori kichochoroni:
kwanza mto, halafu goti, halafu wewe,
mwisho kabisa ndiyo mimi nafuata.
Pete imehamia shingoni, kwenye uzi;
vidole vimeumuka kama vitumbua.
Na kiungulia! Kama nimemeza pasi ya mkaa.
Mama, kwenye simu kutoka Wete, anasema: ni nywele.
Mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinazokuchoma.
Mkunga Catriona anasema: tumbo limesukumwa juu.
Mchana namwamini Catriona.
Usiku namwamini mama.

Nataka udongo.
Si chakula, udongo,
ule wa mafungu sokoni, wa kukwaruza ulimi.
Mvua ikipiga ukuta wa ngazini
nasimama nanusa kama mlevi.
Jana niliugusa kwa ncha ya ulimi.
Ulikuwa na ladha ya moshi wa zamani.
Usije ukamwambia baba yako.

Lakini saa nane za usiku unashikwa na kwikwi,
na tumbo zima linachezacheza
kama kifuniko cha sufuria,
nami nacheka peke yangu gizani.
Kisigino chako, au ni kiwiko,
kinapita chini ya ngozi
kama mtu anayepita nyuma ya pazia
akidhani haonekani.
Nilikutua kikombe cha chai juu, kwa kujaribu.
Ukakipiga teke.
Haya, nimekuelewa. Hupendi kufanywa meza.

Leo jioni nilishuka kutafuta ndimu.
Shaame hunifunga kamba kabla ya zamu yake ya mikate,
fundo la haraka, la mtu anayechelewa basi,
na kwenye kituo cha Kiuno zikafunguka zote mbili.
Nikasimama. Kuinama siwezi, kurudi siwezi.
Akatokea Bi Senga wa ghorofa ya chini,
miaka themanini na moja, goti moja la bandia,
akaniangalia miguu, akaniangalia tumbo,
akapiga magoti juu ya jiwe la baridi.

Nilisema hapana, tafadhali, hapana.
Alisema jambo kwa lafudhi yake ya kokoto,
nikaokota nusu: wanne,
na ngazi hizi hizi.

Kwetu shikamoo ni neno tu, linatoka mdomoni
kabla hujalifikiri: nashika miguu yako.
Na huyu, mkubwa kuliko mama yangu,
ameishika kweli,
kwa mikono yenye madoa na harufu ya sabuni,
akivuta, akikaza, fundo juu ya fundo.
Marahaba ningeitoa wapi? Ulimi ulikauka.
Wewe ndiye uliyeitikia, kwa teke moja,
na kipara chake cha utosini kilikuwa karibu sana,
nadhani alilisikia.

Ndimu sikupata. Nilinunua limau.

Sasa ni alfajiri, nipo ukingoni mwa kitanda
na viatu miguuni, nimelala navyo;
mafundo ya Bi Senga hayafikiki wala hayabembelezeki.
Koti halifungi, viatu havifunguki,
na watu wote wananiuliza utajifungua lini,
kana kwamba ncha ya kamba ninayo mimi.
Unayo wewe, nadhani. Unaichezea.

Ufunguo wa baba yako unageuka mlangoni,
harufu ya hamira inamtangulia.
Njoo, namwambia, usivue koti.
Anza na viatu.